Shofa Aliyesikia Mlio Asinyamaze

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani wakati baba yuko kazini, tusikilizane kidogo.

Mvua za kwanza zikisha kunyesha huku kwetu Katanga, kila mtu anajua kitakachofuata. Udongo mwekundu uliokuwa vumbi wakati wa jua unageuka kuwa sabuni. Njia ya kushuka kwenye shimo la mgodi inateleza, mitaro inajaa, na motokari ndogo za mjini hazifiki tena mahali pa kazi. Toka siku hizo mpaka karibu na mwezi wa nne, jeep zinazovuta kwa magurudumu manne ndizo zinazobeba watu wetu. Zinashusha wafanyakazi wa posti ya usiku, zinabeba vyombo na chakula, na mtu akiumia, ni hizo zinazomkimbiza hospitali.

Kwa sababu hiyo leo sitaandika juu ya kasike wala viatu. Nataka kusema juu ya ugonjwa wa jeep: namna ya kuutambua, na namna ya kuusema. Mawazo yangu ni haya: shofa ndiye daktari wa kwanza wa motokari, mbele ya fundi wa garaji. Shofa akinyamaza, au akisema na wakubwa wasisikie, wote waliopanda nyuma yake wamekaa juu ya hatari.

Mpira uliofungwa kwenye mkono wa vitesi

Nitakuelezea jambo nililoliona kwa macho yangu, miaka mingi iliyopita. Jina la mahali si la lazima.

Tulikuwa watu watano ndani ya jeep moja. Shofa alikuwa mtu mzima, mwenye kazi ya miaka mingi, asiyelewa. Shefu wa posti alikaa mbele pamoja naye, sisi watatu nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote. Nilipopanda niliona kitu: ule mkono mfupi wa kuingiza magurudumu manne na mwendo wa pole ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa pine, mpira umevutwa mpaka chini ya kiti. Nikauliza, "Mzee, hii ni nini?" Akajibu, "Inaruka. Ukiifunga na mpira, inatulia." Tukacheka. Tukaenda.

Katikati ya mteremko mpira ulikatika. Mkono ukaruka, ukasimama katikati, mahali ambapo motere haishiki gurudumu hata moja. Kitu ninachokumbuka zaidi si kelele, ni kimya. Motere iliyokuwa ikilia kwa kuzuia motokari ilinyamaza ghafula, kisha tukaanza kukimbia. Shofa alikanyaga freni, magurudumu yakakwama, lakini juu ya matope gurudumu lililokwama linateleza kama chano. Akili yake ilitupatia uzima: alikata volani kwa upande wa ukuta wa shimo, si kwa upande wa bonde. Tuligonga. Shofa alivunjika mbavu mbili. Shefu wa posti alivunjika mguu, na toka siku ile mpaka pensheni yake alitembea na fimbo.

Kisha watu wa aksida walikuja na maswali. Wakamuuliza shofa, "Kwa nini hukusema kwamba mkono unaruka?" Akajibu, "Nilisema mara mbili." Kweli alisema. Mara ya kwanza garaji walimwambia arudi kesho. Mara ya pili walimwambia fundi ana kamio kubwa mikononi. Lakini katika kaye ya motokari hakuna mstari hata mmoja uliokuwa umeandikwa. Neno la kinywa liliondoka na upepo, na mpira ukabaki.

Garaji walipofungua, waliona meno ya gia yaliyopaswa kushikana yamekwisha kuviringika kwenye ncha. Yalikuwa yanashikana nusu tu. Ugonjwa huo hauji kwa siku moja. Kwa wiki nyingi motokari ilikuwa ikituambia, nasi tuliifunga kinywa kwa mpira.

Wengi walimlaumu shofa peke yake. Mimi sikubali. Garaji walikuwa na makosa, wakubwa waliotaka motokari itoke kila asubuhi walikuwa na makosa, na mimi niliyeuona mpira ule nikapanda na kucheka, nilikuwa na makosa vile vile.

"Mashofa wanapenda kupumzika"

Ninajua neno ambalo shefu mmoja atalisema akisoma hapa. Atasema: "Ukimwachia kila shofa kukataa motokari kwa sababu amesikia mlio, asubuhi hatutakuwa na motokari hata moja. Wengine wanatafuta tu sababu ya kulala kivulini."

Neno hilo lina ukweli kidogo, tusijidanganye. Wako wenye kutafuta kivuli. Lakini dawa yake si kuziba masikio kwa wote. Dawa yake ni kumfundisha shofa kusema ugonjwa kwa maneno yaliyo sawa. Mtu akifika kwa munganga na kusema "ninaumwa" tu, munganga hawezi kujua kama ni mvivu au mgonjwa. Akisema "tumbo linauma upande wa kuume, toka jana jioni, nikitembea linazidi," munganga anasimama mara moja.

Ndivyo ilivyo kwa motokari. "Jeep inalia" si raporo. Lakini ukiandika, "Inagonga mbele upande wa kushoto, wakati magurudumu manne yameingia na ninakata volani, nikirudisha kwenye magurudumu mawili inanyamaza," hakuna shefu atakayekuita mvivu, na fundi anajua mahali pa kuanza. Basi tujifunze maneno hayo.

Nguvu inapita wapi

Sherti kwanza ujue njia ya nguvu. Motere inazungusha sanduku la vitesi. Nyuma yake kuna sanduku la pili, ndilo linalogawa nguvu mbele na nyuma. Mafundi wanaliita transferi. Kutoka hapo kuna kardani mbili: moja inakwenda ponti ya nyuma, moja inakwenda ponti ya mbele. Ndani ya kila ponti kuna diferansieli, inayogawa nguvu kushoto na kuume. Mwisho, chuma kirefu cha kila upande kinafikisha nguvu kwenye gurudumu.

Katika jeep nyingi za mbele kuna kitu kimoja zaidi: kitovu cha gurudumu kinachofungwa na kufunguliwa kwa mkono. Juu yake mara nyingi kumeandikwa LOCK na FREE. Kwenye LOCK gurudumu limeshikana na chuma chake. Kwenye FREE gurudumu linazunguka peke yake.

Mikono ya kuongoza haifanani. Katika Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 kulikuwa na kitufe cha njano cha kuingiza magurudumu manne, na mkono mwekundu wa mwendo wa pole. Katika Land Cruiser nyingi za jamii ya 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984 na ambazo mpaka leo zinafanya kazi migodini, kuna alama H2, H4 na L4: magurudumu mawili, manne ya mwendo wa kawaida, na manne ya mwendo wa pole wenye nguvu. Lakini kanuni ni moja: nguvu ni kama maji katika tiyo. Ikikatika mahali pamoja, mbele yake hakuna kitu.

Taa inaweza kukudanganya

Jambo la kwanza ninalotaka ulishike: taa ya tablo si shahidi wa kutosha. Katika jeep nyingi taa ile inawashwa na kitufe kidogo kilichoko kwenye transferi. Inakuambia tu kwamba mkono umefanya kazi yake ndani ya sanduku lile. Haijui kama vitovu vya mbele vimefungwa. Haijui kama chuma cha gurudumu kimevunjika. Taa inawaka, shofa anafurahi, na magurudumu ya mbele yanafuata tu kama watoto nyuma ya mama yao.

Na angalia hili: kitovu kimoja kikiwa LOCK na kingine FREE, ni karibu sawa na vyote viwili kuwa wazi. Diferansieli inapeleka mzunguko upande usio na mzigo, na chuma cha upande ule kinazunguka bure. Nimeona mashofa wakichimba matope saa nzima juu ya kitovu kimoja kilichosahauliwa.

Wengine wanafikiri kwamba jambo hilo ni la kukwama tu. Hapana, ni la kushuka pia. Ukishuka na vitovu vimefunguliwa, motere inazuia magurudumu ya nyuma tu. Nyuma ikiteleza, motokari inataka kugeuka na kutanguliza mkia. Mbele ya kushuka shimoni, teremka, tazama vitovu viwili kwa macho yako. Usimwulize mtu.

Kama jeep yako inaingiza ponti ya mbele kwa umeme au kwa hewa, taa inayowaka na kuzima pasipo kutulia ni alama kwamba kazi haijamalizika ndani. Mara nyingi ni waya uliokatwa na matope au tiyo ya mpira iliyopasuka kwa moto. Usishuke mteremko kwa taa ya namna hiyo.

Alama ambazo shofa anaweza kuzitambua

Sasa nieleze alama moja moja. Hazihitaji chombo. Zinahitaji masikio, mikono na moyo uliotulia.

Mkono unaoruka. Hii ndiyo alama ya hatari zaidi kwa watu wa shimoni, nimekwisha kueleza sababu. Ukitaka kuijaribu, nenda mahali pa tambarare, penye udongo mlaini, pasipo watu. Ingiza mwendo wa pole motokari ikiwa imesimama. Enda vitesi ya kwanza, kanyaga mafuta kidogo, kisha acha ghafula; rudia mara nne au tano, mbele na nyuma. Mkono wenye afya haujongei. Unaoruka wakati unaachia mafuta, huo utaruka vile vile katika mteremko, kwa maana kule ndiko motokari inakosukuma motere. Motokari ya namna hiyo isishuke. Hapa hakuna maneno mawili.

Mkono usiotaka kuingia au kutoka. Mbele ya kuulaumu, ujiulize ulitembea wapi. Jeep zisizo na diferansieli ya katikati hazipendi magurudumu manne kwenye njia kavu na ngumu. Wakati wa kukata kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Lakini yamefungwa pamoja, basi vyuma vinajikaza kama kamba inayosokotwa. Volani inakuwa nzito, pine zinalia, mkono unakataa kutoka. Usiuvute kwa nguvu. Rudi nyuma metre chache, mara nyingi utatoka wenyewe. Ikiwa mkono unakataa hata juu ya udongo mlaini, hapo ndipo kuna ugonjwa: vyuma vya kuusukuma vimejaa matope au vimepinda.

Pine zisizofanana. Hili watu wanalidharau. Chukua pine mpya yenye upana wa sentimetre 80 kutoka juu hadi chini, na nyingine iliyolika mpaka sentimetre 78. Katika kila kilometre ile ndogo inazunguka karibu mara 10 zaidi. Weka mpya mbele na zilizolika nyuma, ingiza magurudumu manne, na vyuma vitapigana hata katika njia iliyonyooka. Kisha watu wanasema transferi ilikuwa mbaya. Ubaya ulitoka kwa yule aliyeweka pine pasipo kupima.

Mlio wa kugonga, tak-tak-tak, mbele, wakati wa kukata volani. Kama unasikika zaidi magurudumu manne yakiwa yameingia, fikiria kiungo cha chuma cha gurudumu la mbele. Andika ni upande gani, na ni volani ya kushoto au ya kuume.

Pigo moja, "kong," wakati wa kuondoka au wakati wa kuachia mafuta, na mtetemeko unaozidi pamoja na mwendo. Mara nyingi ni viungo vya kardani vilivyolika au vilivyokosa grisi. Motokari ikiwa imesimama mahali pa tambarare, motere imezimwa na vizuizi vimewekwa kwenye magurudumu, fundi anashika kardani kwa mkono na kuitikisa. Kiungo kizuri hakina mchezo. Kardani ikikatika katika mwendo inapiga chini ya miguu ya watu kama nyundo, na ya mbele inaweza kuchimba njia.

Sauti ya kulia, uuu, inayobadilika unapokanyaga na kuachia mafuta. Sikiliza ponti, huenda meno ya diferansieli au rulema zake zimelika, au mafuta yamepungua. Lakini sauti inayobadilika unapoegemeza motokari kushoto au kuume, pasipo kujali mafuta, hiyo mara nyingi ni rulema ya gurudumu.

Kitovu chenye moto kuliko ndugu yake. Kisha safari, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila kitovu, usikigandamize. Vyote vinapata moto kidogo. Kimoja kikizidi vingine sana, kuna freni inayoshika au rulema inayokufa.

Mafuta. Kila asubuhi tazama chini mahali jeep ililala. Doa jipya lina mahali lilipotoka. Mafuta yanayovuja nyuma ya gurudumu la mbele yakiwa yamechanganyika na grisi nyepesi, maana yake kizuizi cha ndani kimekufa na mafuta ya ponti yanafukuza grisi. Na ikiwa ulivuka mto au dimbwi kubwa, mwambie fundi atazame mafuta ya ponti na ya masanduku. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Ponti yenye moto ikiingia katika maji baridi inavuta pumzi. Kama tundu lake la kupumulia limeziba na matope, itavuta maji kwa njia ya vizuizi. Mafuta yenye maji hayalindi meno ya chuma.

Jaribio la dakika tano

Ninaomba kila shofa afanye jambo hili mbele ya kupakia watu. Zunguka motokari, tazama pine nne na madoa ya mafuta. Funga vitovu viwili. Peleka jeep mahali pa changarawe au udongo mlaini. Ingiza H4, kata volani mpaka mwisho, uende polepole sana nusu ya duara. Jeep isiyo na diferansieli ya katikati inapaswa kukataa kidogo, volani inakuwa nzito na motokari inataka kusimama. Ikizunguka nyepesi kama wakati wa H2, basi mbele hakuvuti, hata kama taa inawaka. Kisha simama, ingiza L4, ujaribu kama mkono unaruka. Mwisho jaribu freni.

Jeep zinazovuta kwa magurudumu manne wakati wote, kama Land Rover 110 iliyotoka mwaka 1983, zina diferansieli ya katikati. Hizo hazijikazi mpaka uifunge. Kwa hizo jaribu kama kifungo kinaingia na kinatoka. Kikikataa kuingia, gurudumu moja likiteleza matopeni linaweza kula nguvu yote.

Dakika tano. Ni muda wa kuvuta sigara moja, na sigara haijapata kuzuia jeep kukimbia.

Usitafute ugonjwa kwa kupoteza roho

Kuna watu waliokufa kwa kutafuta ugonjwa wa motokari, si kwa ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo shofa aishie mahali nilipoonyesha. Kuinua gurudumu ni kazi ya fundi, garajini, kwenye simenti. Naye fundi asisahau mambo manne.

La kwanza, kriki ni ya kuinua, si ya kubeba. Pasipo kuweka vishikizo imara chini ya ponti, hakuna kichwa wala mkono unaoingia chini.

La pili, usiwashe motere na kuingiza vitesi wakati gurudumu moja limeinuliwa na mengine yako chini. Motokari yenye magurudumu manne itashika kwa yale yaliyoko chini na kuruka kutoka juu ya kriki. Fundi anaweza kujua mengi motere ikiwa imezimwa: anafunga vitovu vyote viwili, anaweka vizuizi, anaingiza H4, anaacha sanduku la vitesi wazi, anainua gurudumu moja la mbele na kulizungusha kwa mkono. Lisipozunguka, isipokuwa ule mchezo mdogo wa vyuma, nguvu inafika. Likizunguka pamoja na kardani ya mbele, transferi haishiki. Likizunguka na kardani imetulia, ugonjwa uko katika ponti, chuma cha gurudumu au kitovu. Kwa mkono peke yake amekwisha kujua mahali pa kufungua.

La tatu, katika jeep nyingine, kama Land Rover za zamani, freni ya mkono haishiki magurudumu, inashika kardani ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, freni hiyo haizuii tena. Diferansieli inaachia gurudumu lililo hewani lizunguke na motokari inaondoka. Vizuizi vya mti au vya chuma kwenye magurudumu yaliyoko chini, kila mara.

La nne ni la mashofa pia. Usiache jeep kwenye mteremko ukitumainia vitesi ya kwanza. Mkono wa transferi ukiwa katikati, vitesi haishiki kitu, nawe hujui. Freni ya mkono, vizuizi, na magurudumu yamegeuzwa kwa upande wa ukingo.

Neno kwa wakubwa

Sasa ninawageukia mashefu, kwa heshima. Kaye ya motokari iwe ndani ya kila jeep, na kalamu iwe imefungwa kwayo. Kila neno la shofa liandikwe na saa yake, na garaji wajibu chini yake kwa mkono wao: tumetazama, tumeona hivi, tumefanya hivi, au hatujafanya kwa sababu hii. Asiyejibu, jina lake lijulikane. Na kuna magonjwa ambayo hayangoji: mkono unaoruka, freni, volani, kardani inayotikisika. Kwa hayo ufunguo ubaki kwa garaji mpaka kazi imalizike, na hakuna shefu wa posti anayeweza kuuchukua kwa kusema kwamba leo kazi ni nyingi.

Mtasema kwamba vyuma vya kubadilisha ni ghali na vinachelewa. Ni kweli. Lakini hesabuni vile vile jeep iliyogonga ukuta, wiki za hospitali, na fundi wa miaka ishirini anayebaki na fimbo. Wazee walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi ukuta ule tuliukuta kwa mbavu zetu.

Na shofa, usifiche ugonjwa kwa kuogopa kunyimwa motokari. Mpira, waya na kipande cha mti havitengenezi kitu, vinanyamazisha tu. Wala usijidanganye kwamba magurudumu manne yanasimamisha motokari upesi. Yanavuta, na yanasaidia motere kuzuia polepole. Lakini freni za jeep ni sawa na freni za motokari nyingine, na matope hayajui bei ya jeep yako.

Wewe unayepanda nyuma, una macho. Ukiona mkono umefungwa kwa mpira, ukisikia kugonga chini ya miguu, sema. Asipokusikia, teremka. Mimi sikuteremka siku ile, na nilipata bahati. Bahati si sheria ya usalama.

Mama, jioni baba akirudi na kusema "leo jeep ilikuwa ikilia sana," usimwache ageuke upande wa pili na kulala. Mwulize, "Umeandika?" Swali hilo moja, katika kila nyumba ya kambi, litafanya kazi kuliko mabango yote tuliyopachika kwenye mlango wa garaji.

Ndugu msomaji, mvua haiko mbali. Sikiliza, jaribu, andika, na mpaka watakapotengeneza, usishuke.